Mstari Ambao Murdena Hakuuandika

Ukitaka kumwona Murdena MacLellan akivimba kichwa, mwambie mwongozo wake ni mfupi. Mistari kumi na mmoja, basi. Aliuandika miaka ishirini na miwili iliyopita, siku alipomaliza kuitengeneza programu yake ya kompyuta, Sgian, na tangu hapo hakuuongezea hata nukta. Sgian ni kisu kwa Kigaeli, lugha ya babu zake wa Uskoti, na kazi ya programu yenyewe ni hiyohiyo ya kisu: unaipa faili kubwa, inakukatia vipande vidogo vinavyoweza kupita kwenye intaneti ya kijiji chake, Glen Morag, kisiwani Cape Breton, Canada, bila kukwama njiani. Haina picha wala vitufe vya kubofya. Unafungua lile dirisha jeusi, unaandika amri, unabonyeza, imekwisha. Watu wa Norway waliitumia, watu wa Brazil waliitumia, na wote aliwapa bure, maana alikuwa na pensheni yake ya kampuni ya simu na kuku wake tisa, hana haja na senti ya mtu.

Alichotaka ni wasome. Mtu akimwandikia kuuliza jambo, jibu lilikuwa maneno mawili: Soma mwongozo. Akiuliza tena, lilikuwa neno moja: Soma. Mwalimu mmoja wa Quebec, Ghislaine Thibodeau, alimwandikia sehemu nzima ya jinsi ya kuviunganisha vipande, kwa adabu zote, akamletea akubali au akatae, kwa kuwa ndivyo kazi hizi za kujitolea zinavyokwenda. Murdena aliiacha ikae miezi kumi na tisa, halafu akaandika chini yake kwamba mtu aliyeweza kukata hatashindwa kuunga, akaufunga mjadala. Jeuri gani hiyo, jamani. Lakini ndiyo Murdena.

Basi Alhamisi moja ya Machi, asubuhi, barafu ingali imejaa ghubani, Cassie Rankin akaingia jikoni kwa Murdena bila kubisha, kama waingiavyo watu wote wa Glen Morag. Mkono mmoja kopo la biskuti za oti, kwapani kompyuta yake. Hawa wawili walianza darasa la kwanza siku moja, na Cassie ndiye mtu pekee katika mkoa mzima ambaye Murdena hakuwahi kumgombeza akasome.

"Weka birika," Cassie akasema.

"Lipo motoni. Una nini, mbona uso umekushuka?"

"Sina kitu."

"Na mimi ni Papa wa Roma. Kaa, useme."

Cassie akakaa. Chai ikamiminwa, naye akaanza kusema akikitazama kikombe.

"Rhona amepiga simu jana. Anasema ile rekodi tusiipige ukumbini Jumamosi. Anasema tutamwaibisha baba yake."

Rekodi hiyo Murdena aliijua, kijiji kizima kiliijua. Lauchie Rankin, mume wa Cassie, alikuwa mpiga fidla ambaye watu walisafiri saa tatu kwenye theluji ili wamsikie jikoni kwake. Oktoba ya mwaka juzi, wiki saba kabla hajafariki, alikaa kwenye kiti chake akapiga saa moja na nusu mfululizo, na Cassie akaweka kinasa sauti kwenye rafu ya sahani. Jumamosi hii angetimiza miaka themanini. Ukumbi wa parokia ulikuwa umeshapangwa viti, na binti yao Rhona alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Alberta, upande wa pili wa nchi, kwenye machimbo ya mafuta, alikokwenda kutafuta kazi kama nusu ya vijana wa Cape Breton.

"Tumwaibishe vipi?" Murdena akauliza. "Lauchie hajawahi kupiga vibaya hata akiwa na homa."

"Hiyo siku alipiga vibaya."

"Nani kasema?"

"Sikiliza mwenyewe."

Akaifungua kompyuta. Fidla ikaanza, ile sauti ya Lauchie ambayo ungeijua hata ukiwa umelala, na Murdena akajikuta anatabasamu. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu, dakika ya saba na nusu hivi, katikati ya wimbo wa haraka wa kucheza, fidla ikaruka ghafla. Ikatua katikati ya wimbo mwingine kabisa, wa polepole, wa huzuni, bila hata kupumua.

"Unasikia?" Cassie akasema. "Subiri, kuna zaidi."

Akasogeza mbele. Karibu na dakika ya thelathini Lauchie alimaliza wimbo, akacheka, akasema kwa Kigaeli, "Usiku mwema, wapendwa, mwende salama." Kiti kikalia, sauti ya Cassie ikamwuliza kitu kwa mbali, akajibu neno moja, na papo hapo akaanza tena kupiga, katikati ya wimbo, kama mtu aliyesahau kwamba ameshaaga. Na mwisho wa saa moja na nusu fidla ilikatika, upinde ungali juu ya nyuzi. Kimya.

"Rhona anasema akili ilikuwa imeanza kumtoka," Cassie akasema. "Anasema ndugu wote wa baba yake wameshasikia, na wote wanaona hivyohivyo. Aliaga mapema, akasahau, akaanza tena, akashindwa kumaliza. Mimi nilikuwepo, Murdena. Nakumbuka alimaliza vizuri, akaitundika fidla ukutani, akala biskuti mbili. Sasa nasikiliza hii na sijui nakumbuka nini."

Murdena aliisogelea kompyuta. Macho yake yalikuwa kwenye ile saa ndogo ya rekodi. Dakika saba, sekunde thelathini na tatu. Alikuwa anapiga hesabu.

"Ulimtumiaje Rhona hii?"

"Kwa kisu chako. Ilikuwa kubwa mno, intaneti ikaitema mara nne. Ukaniambia mwenyewe, tumia Sgian, kila kitu kipo kwenye mwongozo." Cassie akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nikauchapisha. Nikaufuata."

Ulikuwa ni mwongozo wenyewe, mistari kumi na mmoja, na mbele ya kila mstari Cassie alikuwa ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu. Vipande kumi na viwili, vema. Namba za vipande, moja hadi kumi na mbili, vema. Mstari wa kumi na moja ulisema: Ukishakata, futa faili la mwanzo ili upate nafasi. Vema, na pembeni kwa herufi kubwa, NIMEFUTA.

"Na kuunganisha?"

"Kuunganisha hukusema. Kuna mtu wa kazini kwa Rhona alimpa amri ya kubandika kila kilichomo kwenye folda, naye akanipa mimi. Tukabandika."

Hapo sasa Murdena angeweza kumsukumia lawama huyo mtu wa kazini kwa Rhona, asiye na jina wala uso, aliye kilomita elfu tano. Nafasi ilikuwepo, na nisikudanganye, aliiona. Lakini ile karatasi yenye vema kumi na moja ilikuwa mezani mbele yake.

"Cassie. Lauchie hakupotea," akasema. "Nimempoteza mimi."

"Rudia."

"Kompyuta ikipanga majina, inapanga kama kamusi. Inaangalia tarakimu moja moja, si namba nzima. Kwa hiyo inaanza na moja, halafu kumi, kumi na moja, kumi na mbili, ndipo irudi kwa mbili. Mmesikia mwanzo, mkarushwa hadi mwisho, akaaga, halafu mkarudishwa katikati. Rekodi haikuishia alipokwama. Imeishia pale kipande cha tisa kinapokatika."

Cassie akaitazama kompyuta yake.

"Haijui kuhesabu? Mashine ya dola mia tisa?"

"Inajua. Ila majina haiyahesabu."

"Na wewe ulilijua hili."

"Kila mtu analijua."

"Nani? Nitajie mmoja hapa Glen Morag."

Murdena alitafuta kichwani, akaanzia kwa padri hadi kwa fundi wa mashua, hakumpata. Kitu kilichomuuma zaidi kilikuwa bado hakijasemwa, akaona afadhali akitoe chote kwa mara moja.

"Tena Sgian yenyewe inaunganisha. Kwa mpango sahihi, inasoma namba. Unaongeza herufi moja tu kwenye amri."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na umemwambia nani?"

Birika lilikuwa linanong'ona peke yake. Murdena akavuta kompyuta. "Dakika moja tu, nakuunganishia sasa hivi."

Cassie akaweka kiganja juu ya vitufe. "Usiguse."

"Cassie, ni dakika moja."

"Rhona anajua wewe ni fundi. Ukimpelekea rekodi iliyonyooka atasema Anti Murdena amemshonea baba viraka ili mama asilie. Atashukuru sana na hataamini hata chembe. Ataamini akiunga mwenyewe, kwa mkono wake, vilevile vipande nilivyomtumia."

"Basi nampigia, namwelekeza."

"Wewe? Mara ya mwisho ulipomwelekeza ilikuwa kuendesha gari, akashuka akarudi kwa miguu kutoka Whycocomagh."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa mwendo wa nusu siku.

"Utaandika," Cassie akasema. "Na utaandika kitu ambacho mimi hapa nitakifuata bila kukuuliza. Nikiweza mimi, ataweza yeye. Rhona kesho saa nane mchana kwa saa zetu anatoka zamu, na jioni anapanda ndege. Akipanda akiwa anaamini baba yake alikuwa amechanganyikiwa, atasimama mbele ya ukumbi mzima na fidla ya baba yake akiwa anamwonea huruma. Sitaki ahurumiwe. Lauchie si wa kuhurumiwa."

Wakapatana masharti. Wasiguse vipande vya Lauchie mpaka Rhona awe tayari. Wafanyie majaribio filamu ya kuku wa Murdena, aliyoikata vipande kumi na viwili. Na Murdena, Cassie akiwa anasoma, asifungue mdomo. Kwa sharti hilo la tatu Cassie hakumwamini, akamkabidhi biskuti ya oti. "Ukisikia unataka kusema, ng'ata."

Mwongozo wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja: Ili kuunganisha, tekeleza amri katika saraka husika. Cassie aliusoma, akafumba mikono, akakaa. Saa ya ukutani ikaenda dakika tano. Murdena aling'ata, akang'ata.

"Mbona hufanyi?" hatimaye ikamtoka.

"Sijui saraka ni nani, wala husika anatoka wapi. Na umevunja sharti. Biskuti nyingine."

Wa pili ulisema folda, kama watu wasemavyo. Chini yake Murdena aliandika amri yenyewe, na mwishoni mwake, kama mafundi wafanyavyo, maneno: jina la faili. Cassie akaandika herufi kwa herufi, Sgian, herufi ya kuunga, kisha j-i-n-a, nafasi, l-a, nafasi, f-a-i-l-i. Kompyuta ikagoma. Murdena alitoa sauti ambayo kuku nje waliinua vichwa.

"Nimekosea wapi?" Cassie akauliza kwa upole. "Nimeandika kilichoandikwa."

Hakuwa amekosea popote. Murdena, biskuti mdomoni, aliitazama ile amri kwa mara ya kwanza kama mtu ambaye hajui. Miaka ishirini na miwili alikuwa anawaandikia watu ambao tayari wanajua, halafu anawagombeza wasiojua. Alijisikia mjinga, na hakuwa mtu wa kujisikia hivyo mara kwa mara. Akafuta yote. Akaenda akaufufua ule mjadala alioufunga, akaisoma sehemu ya Ghislaine Thibodeau wa Quebec mwanzo hadi mwisho. Yote yalikuwemo: jina halisi la faili badala ya maneno matupu, onyo kuhusu namba moja na kumi, na juu kabisa, Kwanza nakili vipande vyako mahali pengine. Akayachukua, akaandika jina la Ghislaine kwenye mwongozo chini ya lake, akamtumia ujumbe wa kumwomba radhi. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Lilisema: "Nilidhani ulishafariki. Karibu tena."

Cassie alicheka mpaka akavua miwani.

Wa nne uliwashinda kwenye jambo ambalo hata Ghislaine hakulifikiria. Cassie aliandika amri yote sawasawa, akabonyeza, na dirisha jeusi likanyamaza. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu.

"Imekataa," akasema.

Murdena akamwonyesha kwa vidole, haijakataa, imemaliza.

"Sasa mbona haisemi?"

Ilibidi aruhusiwe kumeza na kujibu. "Hizi programu zikifaulu hunyamaza. Zinasema zikishindwa tu."

"Kama marehemu baba yako."

"Baba yangu alikuwa mtu wa maana sana."

"Alikuwa. Lakini mtu hakujua kama amependa chakula au la. Liandike hilo."

Akaliandika: Ukibonyeza na usione kitu chochote, usiogope na usibonyeze tena; imefaulu. Fungua faili jipya ulijaribu. Jioni inaingia, kwenye mwongozo wa saba, Cassie alifuata kila mstari bila kuinua macho, akafungua faili, na kuku tisa wakatembea uani kwa mpango waliotembea kweli. Mstari ule wa kumi na moja, wa kufuta faili la mwanzo, Murdena alikuwa ameufuta yeye. Mistari sasa ilikuwa arobaini na mitatu. Aliihesabu mara mbili, ikimuuma kidogo kila mara, halafu wakaituma Alberta.

Ijumaa saa nane na robo simu ikalia. Cassie akaiweka mezani ili wasikie wote, akamtazama Murdena kwa jicho kali, na Murdena akachukua biskuti bila kuambiwa.

"Mama, nimetoka zamu, macho hayafunguki," sauti ya Rhona ikasema. "Na kama ni ile habari ya rekodi, tulishaongea."

"Umeipata barua?"

"Nimeipata. Ameiandika nani?"

"Anti yako Murdena."

"Haiwezekani. Inaeleweka."

Murdena aling'ata kwa nguvu.

"Fuata tu hiyo barua," Cassie akasema. "Usiniulize kitu, usimuulize mtu. Soma ufanye. Ukimaliza na bado unaona baba yako alipotea, sitaipiga Jumamosi na sitaitaja tena."

Hakuna aliyemtuma aahidi hivyo. Murdena alimtazama, naye mwenyewe akaanza kuogopa, maana kuku ni kuku, na kuna vitu elfu moja ambavyo vingeweza kwenda vibaya kwenye kompyuta iliyo kilomita elfu tano.

Wakamsikia Rhona akisoma kwa sauti ya kunung'unika. Kwanza nakili vipande vyako. Akanakili. Fungua folda. Akafungua. Hesabu vipande, viwe kumi na viwili. "Kumi na viwili." Vitufe vikalia polepole. Vikanyamaza.

"Haisemi kitu," Rhona akasema. "Mama, imeganda."

Murdena alinyanyuka nusu kwenye kiti. Cassie akamshika mkono, akamkalisha.

"Ngoja," Rhona akasema. "Imeandikwa hapa. Usiogope na usibonyeze tena." Kicheko kidogo, cha uchovu. "Haya. Siogopi."

Halafu fidla. Rhona alikuwa na akili za baba yake, hakusikiliza mwanzo, alikwenda moja kwa moja dakika ya saba. Ule wimbo wa haraka ulikuja mbio kwenye simu, ukafika pale ulipokuwa unavunjika, ukapita. Ukaendelea. Ukageuka ukawa mwingine wa haraka zaidi, kwa ule mgeuko ambao Lauchie pekee aliuweza, na mguu wake ukasikika unapiga sakafu ya jikoni bila kukosa hata pigo moja. Rhona alirusha mbele, nusu saa, saa moja, kila mahali alipotua baba yake alikuwa anajua anakokwenda. Mwisho kabisa akamaliza, akacheka, akasema usiku mwema, wapendwa, mwende salama. Kiti kikalia. Kisha sauti ya Cassie mwenyewe, mbali kidogo, ikimwuliza kama anataka biskuti, naye akisema mbili.

Cassie akaisogeza simu karibu naye.

"Mama," Rhona akasema hatimaye, na alikuwa analia. "Nimewaambia watu wote. Nimemwambia baba mdogo Hector kwamba baba alikuwa ameshaondoka kabla hajaondoka."

"Mpigie Hector. Usimweleze, mpigie hiyo rekodi asikie."

"Anti Murdena yupo hapo?"

Murdena alimeza kilichokuwemo mdomoni. "Nipo. Kosa ni langu, Rhona. Miaka yote hii nilikuwa najua, sikuandika."

"Ukiniona kesho uwanja wa ndege," Rhona akasema, akipenga kamasi, "nitakukumbatia, halafu nitakugombeza mpaka nyumbani. Na nitaendesha mimi."

"Haya. Nastahili."

Cassie hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa amekaa wima, viganja juu ya meza, anaangalia dirishani.

"Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini," akasema polepole, na hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Nilikaa hatua tatu kutoka kwake, nikamsikia kwa masikio yangu. Na usiku nikawa namwambia, Lauchie, pole, sikujua ulikuwa mgonjwa namna hiyo." Akafuta macho kwa kiganja. "Rhona, mwanangu. Irudishe mwanzo, uiache ipige yote."

Fidla ikaanza upya. Wimbo wa kwanza Cassie aliusikiliza amekaa. Wa pili kisigino chake kikaanza kugonga chini ya meza. Wa tatu akasimama, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, ndani ya soksi za sufu, mgongo umenyooka na mikono pembeni kama wachezavyo watu wa kwao, akaanza kuitikia kwa miguu, kwanza kwa woga, halafu kama zamani. Tangu mazishi hakuwa amecheza. Dakika ya saba na nusu ikafika, na miguu yake ikapita hapo pamoja na fidla bila kusita.

Murdena akasimama, akaisogeza meza ukutani ampishe.